Drogba, Magazeti na Wale Kumi Wengine

Msomaji, kuna ubishi mmoja ambao haujapata mwamuzi tangu kandanda ilipoanza kuandikwa magazetini. Ubishi wenyewe ni huu: je, hawa nyota wa timu za taifa ni wakubwa kweli kama tunavyoandikiwa, au ni magazeti, redio na televisheni tu vinavyowavimbisha? Nenda kijiwe chochote, uwe Kariakoo au Gikomba, utakuta watu wamegawanyika pande mbili. Upande mmoja unasema nyota ni nyota bwana, bila yeye timu nzima ni kapu tupu. Upande wa pili unasema ah, huyo ni wa magazeti, mngoje siku ya fainali uone.

Mimi naona pande zote mbili zina kosa moja linalofanana. Zote zinamtazama nyota peke yake. Huyu anamsifu, yule anamponda, lakini macho yote yako kwa mtu mmoja, na wale kumi wengine hawana wa kuwaulizia. Katika makala hii nitajaribu kulieleza jambo hilo kwa kufuata historia ya timu moja ya Afrika, Ivory Coast, kuanzia mwaka 2005 hadi 2015. Nimeichagua kwa sababu katika miaka hiyo hakuna timu ya bara letu iliyopambwa na magazeti kuliko hiyo, wala hakuna jina lililoandikwa kwa wino mzito kuliko la Didier Drogba.

Tuanze na tarehe 8 Oktoba 2005. Siku hiyo Ivory Coast ilikuwa ugenini nchini Sudan ikitafuta tiketi ya Kombe la Dunia kwa mara ya kwanza katika historia yake. Ilishinda 3-1. Lakini ushindi huo peke yake usingetosha, kwani Cameroon ilikuwa mbele yake kwa pointi moja, na saa hizo hizo ilikuwa nyumbani Yaoundé ikimenyana na Misri. Matokeo yalikuwa 1-1. Katika dakika za majeruhi Cameroon wakapata penalti. Akaenda kupiga beki wao Pierre Womé, mpira ukagonga mlingoti ukatoka nje. Basi Cameroon ikabaki nyumbani, Ivory Coast ikaenda Ujerumani.

Ukisoma magazeti ya miaka iliyofuata utadhani Drogba ndiye aliyeipeleka nchi yake Kombe la Dunia akiwa ameibeba mgongoni. Womé hatajwi, labda kwa kutukanwa. Wala hatajwi yule Mmisri aliyesawazisha bao. Simsemi Drogba vibaya, alifunga mabao mengi katika safari ile. Ninachosema ni kwamba historia ya kweli ilikuwa na watu wengi ndani yake, na gazeti lilipoiandika likabakiza mmoja.

Na halikuishia uwanjani. Wakati ule Ivory Coast ilikuwa imegawanyika tangu vita vya Septemba 2002, kaskazini wakiwapo waasi na kusini serikali. Baada ya mechi ile ya Sudan, kamera zikiwa chumbani kwa wachezaji, Drogba alishika kipaza sauti, wenzake wakiwa wamemzunguka, akawaomba wananchi wasameheane na kuweka silaha chini. Wote wakapiga magoti. Lilikuwa jambo la kishujaa, na anayelidharau hajui vita ni nini. Machi 2007 Rais Laurent Gbagbo na kiongozi wa waasi Guillaume Soro walitia saini mkataba wa amani mjini Ouagadougou. Juni mwaka huo huo timu ya taifa ikacheza na Madagascar mjini Bouaké, ngome ya waasi, ikashinda 5-0.

Mambo hayo yote, yaani mkataba, wapatanishi, askari na wananchi waliochoka kukimbia, vyombo vya habari vikayafupisha kuwa maneno matatu: Drogba amezima vita. Lakini baada ya uchaguzi wa mwishoni mwa 2010 bunduki zililia tena na watu wapatao 3,000 wakapoteza maisha. Sasa tuseme nini? Tumlaumu mcheza mpira? Haiwezekani. Kama hatuwezi kumlaumu kwa vita iliyorudi, basi tulikosea pia tulipompa peke yake sifa ya vita iliyosimama. Sifa iliyozidi kiasi ina ubaya huo, kwamba kesho inageuka deni, na mwenye kudaiwa hakukopa.

Turudi mpirani. Timu ile iliitwa kizazi cha dhahabu. Didier Drogba na Salomon Kalou wa Chelsea, ndugu wawili Kolo Touré na Yaya Touré, Didier Zokora, Emmanuel Eboué, baadaye akaja Gervinho. Msomaji wa Afrika Mashariki alikuwa akiwaona kila wikendi kwenye ligi ya Uingereza kupitia televisheni, na aliwajua kuliko alivyowajua wachezaji wa mkoani kwake. Lakini ni wangapi waliandikiwa wengi wao walitoka wapi?

Wengi walitoka sehemu moja. Katika miaka ya 1990 klabu ya ASEC Mimosas ya Abidjan, pamoja na Mfaransa Jean-Marc Guillou, ilianzisha chuo cha kulea vijana. Watoto walichaguliwa wakiwa wadogo, wakasoma shule, wakala pamoja, wakacheza pamoja kwa miaka. Mwaka 1999 vijana wa chuo hicho, wengi wao hata miaka 20 hawajafika, waliifunga Espérance ya Tunisia 3-1 katika Super Cup ya Afrika. Wakubwa wa soka la bara hili walipigwa na butwaa. Kolo Touré alikuwa mtoto wa chuo hicho, na Yaya vilevile, na Zokora, na Eboué, na Gervinho, na kipa Boubacar Barry.

Drogba hakuwa wa chuo hicho. Yeye alizaliwa Abidjan mwaka 1978, akapelekwa Ufaransa akiwa mtoto, akakulia huko. Kwa hiyo kwa upande mmoja kulikuwa na kundi la vijana waliofahamiana kama vidole vya mkono mmoja, kazi ya miaka kumi na zaidi. Kwa upande wa pili kulikuwa na mshambuliaji mkubwa kweli kweli aliyeungana nao. Magazeti yalimwona mshambuliaji, chuo hayakukiona. Na hapo ndipo penye hasara, kwani nchi nyingine za Afrika zilizokuwa zikisoma magazeti hayo zilijifunza kungoja Drogba wao azaliwe. Laiti yangeandika habari za chuo, labda zingejifunza kujenga chuo.

Haya, dhahabu ile ilileta nini? Mwaka 2006 Ivory Coast ilifika fainali ya Kombe la Mataifa mjini Cairo, ikatoka 0-0 na Misri, ikafungwa kwa penalti 4-2, na mmoja wa waliokosa ni Drogba. Mwaka 2008 Misri hao hao wakawachapa 4-1 katika nusu fainali mjini Kumasi. Mwaka 2010 walitolewa na Algeria robo fainali, 3-2 katika muda wa nyongeza. Misri ilichukua kombe mara tatu mfululizo, 2006, 2008 na 2010, na uti wa mgongo wa timu yake walikuwa wachezaji wa ligi ya kwao wenyewe, wa Al Ahly hasa. Mohamed Aboutrika hakucheza Ulaya hata siku moja. Lakini kabla ya kila mashindano, magazeti yalipoorodhesha majina ya kuogopwa, yalianza na walioko Uingereza.

Kwenye Kombe la Dunia nako, 2006, 2010 na 2014, Ivory Coast haikuvuka makundi hata mara moja. Ni kweli makundi yenyewe yalikuwa ya moto, la kwanza lilikuwa na Argentina na Uholanzi, la pili Brazil na Ureno. Mwaka 2010 Drogba alivunjika mfupa karibu na kiwiko katika mechi ya kirafiki na Japan siku chache kabla ya mashindano, na dunia nzima ikawa inaandika kiwiko. Atacheza? Hatacheza? Atavaa nini mkononi? Nchi yenye wachezaji 23 ikawa imekuwa kiwiko kimoja.

Sasa tufike Libreville, 12 Februari 2012. Fainali ya Kombe la Mataifa, Ivory Coast na Zambia. Ivory Coast walikuwa hawajafungwa hata bao moja tangu mashindano yaanze. Safari hii waliongezeka Cheick Tioté wa Newcastle na Gervinho wa Arsenal, na Yaya Touré alikuwa ndiye mchezaji bora wa Afrika. Zambia hawakuwa na mtu hata mmoja katika ligi kuu ya Uingereza. Nahodha wao Christopher Katongo alikuwa akicheza China, kipa Kennedy Mweene Afrika Kusini, kijana Emmanuel Mayuka Uswisi. Stoppila Sunzu na Rainford Kalaba walikuwa TP Mazembe ya Lubumbashi, mji wa Waswahili wenzetu wa Kongo, klabu iliyokuwa bingwa wa Afrika 2009 na 2010 na ambayo Mbwana Samatta na Thomas Ulimwengu walikuwa wamejiunga nayo mwaka 2011. Kwa hiyo hawakuwa watu wa kuokotwa barabarani. Walikuwa wanacheza mpira mkubwa mahali ambapo kamera za dunia hazikufika.

Tena Zambia walikuwa na jambo lao Libreville. Tarehe 27 Aprili 1993 ndege iliyobeba timu yao ya taifa kwenda Senegal ilianguka baharini karibu na mji huo na watu wote 30 wakafa, wakiwamo wachezaji 18. Nyota wao mkubwa, Kalusha Bwalya, hakuwamo, kwa kuwa alikuwa akicheza Uholanzi na alipanga kusafiri peke yake. Msomaji, fikiri. Nyota alibaki hai, timu ikafa. Kama nyota ndiye timu, Zambia ingekuwa haijapoteza kitu. Kalusha mwenyewe alilijua hilo kuliko mtu yeyote. Akaungana na vijana waliokusanywa upya, wakacheza, na mwaka 1994 wakafika fainali ya Afrika na kufungwa 2-1 na Nigeria. Mwaka 2012 Kalusha alikuwa rais wa chama cha soka cha Zambia, na kabla ya fainali wachezaji walikwenda ufukweni kuweka maua kwa ajili ya marehemu.

Mechi ilianza vibaya kwao. Mapema kabisa beki Joseph Musonda aliumia, akatoka akilia. Dakika ya 70 Ivory Coast wakapata penalti. Akaenda Drogba, mpira ukapaa juu ya lango. Dakika 90 zikaisha 0-0, na 30 za nyongeza pia 0-0. Zikaja penalti. Mweene, kipa, naye akapiga na kufunga. Drogba alifunga ya kwake. Kolo Touré akakosa, Kalaba akakosa, Gervinho akakosa, halafu Sunzu wa Lubumbashi akamaliza kazi, 8-7. Wakati wa kusherehekea, kocha Hervé Renard alimbeba Musonda mikononi kama mtoto akampeleka kwa wenzake. Huyo alikuwa amecheza dakika chache tu. Kocha alijua mwenye kombe ni nani: ni wote.

Kesho yake ule upande wa pili wa kijiwe ulishangilia. Mmeona? Drogba ni wa magazeti! Lakini ngoja kwanza. Tarehe 19 Mei mwaka huo huo, miezi mitatu tu baadaye, Chelsea walicheza fainali ya klabu bingwa ya Ulaya na Bayern mjini Munich, nyumbani kwa Bayern. Wako nyuma 1-0, dakika ya 88, Drogba akasawazisha kwa kichwa. Wakaenda penalti, na ya mwisho, ya kombe, akapiga Drogba yule yule. Nyavuni. Sasa tuambiwe, Februari alikuwa mzee aliyekwisha, Mei akawa mfalme, mguu ulibadilika lini? Haukubadilika. Kilichobadilika ni kichwa cha habari. Mpira wa penalti ukipaa kidogo ni fedheha, ukishuka kidogo ni historia, na kipimo cha namna hiyo hakiwezi kupima mtu.

Kwa hiyo tusimpime nyota kwa mkwaju mmoja, tuutazame mpira wenyewe ulivyo. Dakika 90 ukizigawa kwa wachezaji 22 kila mmoja anapata kama dakika nne, na ukitoa muda wa mipira ya kurusha, kona na majeruhi, hazifiki. Maana yake hata aliye bora duniani anakaa zaidi ya dakika 80 bila mpira mguuni. Katika muda huo kuna mtu anakaba, kuna mtu anaziba nafasi, kuna mtu anakimbia bure ili beki amfuate. Katika klabu nyota hufanya mazoezi na watu hao karibu kila siku. Timu ya taifa hukutana siku chache, wakatawanyika. Ndiyo maana mtu anang'ara klabuni halafu taifani anaonekana kama mgeni harusini. Hajashuka kiwango, ila wale wanaomfahamu miguu yake hawapo.

Najua kuna atakayenijibu kwa Maradona. Mwaka 1986 alifunga mabao matano, na waliosema amebeba Argentina hawakusema uongo mkubwa. Lakini katika fainali na Ujerumani Magharibi hakufunga hata moja. Yalifungwa na Brown, Valdano na Burruchaga, na lile la ushindi lilitokana na pasi yake. Ukubwa wake siku ile ulikuwa kumwona mwenzake. Kwa upande wa pili mtazame George Weah, mchezaji bora wa dunia mwaka 1995. Nani atathubutu kusema huyo alivimbishwa? Hata hivyo Liberia hawakufika Kombe la Dunia. Kwa lile la 2002 walizidiwa na Nigeria kwa pointi moja. Wahenga walikwisha sema kidole kimoja hakivunji chawa. Kidole cha Weah kilikuwa imara, vingine havikutosha.

Tumalizie kisa cha Ivory Coast. Agosti 2014 Drogba aliaga timu ya taifa. Februari 2015, mjini Bata, Ivory Coast ikachukua Kombe la Mataifa, 0-0 na Ghana, penalti 9-8. Kocha alikuwa Renard yule yule aliyewaliza Libreville. Penalti ya mwisho aliipiga kipa Boubacar Barry, aliyepangwa siku ile kwa sababu kipa wa kwanza aliumia. Ni mtoto wa kile chuo cha ASEC, na miaka yote ya dhahabu aliandikwa magazetini hasa pale alipofungwa. Sisemi walishinda kwa kuwa Drogba hakuwapo, huo utakuwa upuuzi wa kijiweni. Penalti ni penalti. Nasema tu kwamba waliosema bila yeye hakuna timu walikuwa wameihesabu vibaya. Na Februari 2024 walichukua tena, nyumbani kwao, baada ya kupigwa 4-0 na Equatorial Guinea na kocha kuondoka katikati ya mashindano.

Na sisi je? Sisi Watanzania tusiwacheke wenzetu. Mwaka 2019 Taifa Stars ilirudi Kombe la Mataifa baada ya miaka 39. Wakati huo kila ukurasa ulikuwa Samatta, na alistahili, alikuwa akifumania nyavu Ubelgiji kwa Genk. Lakini tarehe 24 Machi 2019 tulipowafunga Uganda 3-0 Dar es Salaam na kukata tiketi, waliofunga ni Simon Msuva, Erasto Nyoni na Aggrey Morris. Wawili wa mwisho ni mabeki. Kule Misri tulipofungwa mechi zote tatu, na Senegal, Kenya na Algeria, maswali yalimwangukia nani? Nahodha Samatta. Alisifiwa kwa niaba ya wote na akalaumiwa kwa niaba ya wote. Huku nyuma, maswali ya ligi ya vijana, viwanja vya shule na waamuzi wa wilayani yakaachwa yalale, kwa sababu hayana picha nzuri ya kuweka ukurasa wa mbele.

Ndiyo maana swali la kwamba nyota anazidishiwa au la, mimi nalijibu hivi. Mguu wake mara nyingi hauzidishiwi. Drogba alikuwa mkubwa, Weah mkubwa, Samatta alifika ambako Mtanzania hakuwahi kufika. Kinachozidishwa ni hesabu, pale tunapoandikiwa kwamba jina moja ni sawa na timu. Hesabu hiyo inawadhulumu watu wawili: mwenye jina, anayebebeshwa taifa zima, na asiye na jina, anayecheza vizuri pasipo shahidi.

Wazee walisema mgema akisifiwa tembo hulitia maji, na methali hiyo hutupiwa nyota kila anapokosa bao. Naona tunaitumia vibaya. Drogba hakutia maji, alipiga mpira kwa nguvu zake zote Libreville na Munich. Wanywaji ndio walioamini kwamba mgema mmoja anaweza kulisha kijiji kizima, wakaacha kupanda minazi.